UZI MAALUMU: Kusoma Kijapani huku unafanya kazi Japani, saa 28 zinahesabiwaje na zinalipa nini hasa

Mleta uzi:

Habari za jioni wanajukwaa.

Mwezi huu peke yake nimeandikiwa na vijana watano walioko nyumbani, wote wanauliza jambo lile lile: "Kaka, ni kweli nikija Japani kusoma lugha nitajilipia ada kwa kufanya kazi?" Wa mwisho ni dada mmoja wa Tanga ambaye mama yake yuko mbioni kuweka shamba rehani ili alipie safari. Huyo ndiye amenikosesha usingizi. Jibu ni hapana, hutaweza, na naomba usome maelezo yote kabla hujampa mtu hata shilingi.

Mimi nilikuja kwa viza ya mwanafunzi, nikasoma shule ya lugha Tokyo miaka 2, nikaendelea chuo cha ufundi, sasa nafanya kazi kwa viza ya kazi. Ninayoyaandika nimeyapitia.

Viza ya mwanafunzi, wenyewe wanaiita ryugaku, ni ya kusoma. Haikupi ruhusa ya kufanya kazi hata saa moja. Kazi unaifanya kwa kibali kingine kabisa kinachoitwa shikakugai katsudo kyoka, yaani ruhusa ya kufanya shughuli iliyo nje ya viza yako. Hakina malipo, na ukiwa unaingia nchini kwa mara ya kwanza kama mwanafunzi unaweza kukiomba palepale uwanja wa ndege, Narita au Haneda. Ni karatasi moja tu. Unaijaza, unampa ofisa pamoja na pasipoti, na kadi yako ya ukaazi inatoka ikiwa na muhuri nyuma. Mimi hakuna aliyenidokezea. Nilipita mikono mitupu, nikaja kukiomba baadaye ofisi ya uhamiaji kule Shinagawa, nikakaa wiki 5 bila kazi huku akiba inakatika. Kwa hiyo wewe uliyesoma hapa, shika kalamu mkononi unaposhuka kwenye ndege.

Muhuri ule unakataza mambo mawili. La kwanza, usizidishe saa 28 kwa wiki. La pili, usiguse biashara wanazoziita fuzoku: baa ambazo wahudumu hukaa na wateja, kumbi za pachinko (mashine za kamari), kumbi za mahjong (mchezo wa vigae) na nyingine za jinsi hiyo. Na ukishaambiwa usiguse, usiguse kweli. Hata kama kazi yako ni kuosha glasi jikoni au kugawa vipeperushi barabarani mbele ya mlango, umevunja sheria.

(Mkikutana na watu wa zamani watawaambia mwanafunzi wa lugha hufanya kazi saa 4 kwa siku. Hawadanganyi, wanasema ya zamani. Hadi Julai 2010 wanafunzi wa shule za lugha walikuwa na hadhi yao tofauti, shugaku, yenye kikomo cha saa 4 kwa siku. Hadhi hizo ziliunganishwa, na sasa wote ni saa 28 kwa wiki.)

Sasa hesabu yenyewe. Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo nitakaa hapa.

Wiki ya uhamiaji haina siku maalumu ya kuanzia. Wanaweza kuchukua siku 7 zozote zinazofuatana, waanze siku yoyote, na jumla isizidi 28. Mgahawa niliokuwa naosha vyombo ulikuwa na jedwali la zamu, shifuto, limebandikwa ubavuni mwa friji kwa sumaku. Mwezi mmoja meneja alinipangia Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, saa 7 kila siku. Jumla 28. Wiki iliyofuata akanipangia Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi, saa 7 kila siku. Jumla 28 tena. Mimi niliona sawa, meneja naye aliona sawa. Dada mmoja wa Kinepali tuliyekuwa naye jikoni akafuta mikono kwenye aproni, akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari kuanzia Alhamisi ya kwanza hadi Jumatano ya pili, kisha akaandika pembeni: 49.

Nilihesabu mara tatu. Alhamisi hadi Jumapili saa 28, Jumatatu hadi Jumatano saa 21. Ni 49 kweli. Nilimfuata meneja siku hiyohiyo akabadilisha zamu kabla hazijaanza. Tangu hapo nilikuwa na kidaftari mfukoni, kila zamu naandika tarehe na saa, na kila nikipokea jedwali jipya naliunganisha na lililopita kabla ya kukubali.

Jambo jingine, saa hizo 28 ni zako wewe, hazigawiwi kwa kila mwajiri. Ukifanya 20 kwenye konbini (duka dogo la mahitaji ya kila siku) na 15 kwenye ghala, una saa 35.

Likizo ndefu zilizopangwa na kanuni za shule yako, za kiangazi, baridi na machipuko, unaruhusiwa hadi saa 8 kwa siku, na sheria ya kazi ya nchi inakubana kwenye saa 40 kwa wiki. Sikukuu za kitaifa zikijipanga siku nne mfululizo hazikufanyi uwe likizoni. Kama shule haijaiandika kuwa likizo, ni saa 28.

Twende kwenye pesa. Kima cha chini Tokyo tangu Oktoba 2025 ni yeni 1,226 kwa saa. Mikoa ya chini kabisa, Okinawa ikiwemo, ni 1,023. Chukua ya Tokyo: saa 28 ni yeni 34,328 kwa wiki, wiki 4 ni 137,312 kabla ya makato. Kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri sheria inaongeza asilimia 25, ndiyo maana wanafunzi wengi hukimbilia zamu za usiku.

Matumizi yangu mimi, nikiishi na mwenzangu chumba kimoja: kodi ya nyumba fungu langu 38,000, umeme, gesi na maji 8,000, chakula 30,000 na napika mwenyewe kila siku, nauli 9,000, simu 3,000, bima ya afya 2,000. Hiyo ni 90,000. Ada ya shule yangu ilikuwa yeni 780,000 kwa mwaka, ukiigawa kwa miezi ni 65,000. Jumla 155,000. Kila mwezi napungukiwa karibu 18,000, na hapo sijanunua koti la baridi wala kitabu. Tena ada haisubiri umalize mwezi: ya mwaka wa kwanza nililipa kabla sijapewa hati ya kuombea viza. Na miezi 2 au 3 ya mwanzo hakuna anayekuajiri, maana hujui hata kusema "samahani, sijaelewa".

Ya kutuma nyumbani inatoka wapi hapo?

Mwenzangu yule wa chumbani alitaka kuziba pengo kwa nguvu. Akaongeza kiwanda cha bento (vyakula vya kufungashwa kwenye sanduku), zamu ya saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri. Unasimama mbele ya mkanda unaotembea, chumba kina ubaridi wa jokofu, na kazi yako ni moja: kuweka kipande cha figili ya njano juu ya wali, sanduku baada ya sanduku, usiku kucha. Asubuhi anarudi, anaoga, saa 3 yuko darasani amelala juu ya daftari. Mahudhurio yakashuka chini ya asilimia 80. Alipoenda kuongeza muda wa viza akaombwa hati ya kodi ya manispaa, ile inayoonyesha mapato yote ya mwaka uliopita. Yake ilionyesha zaidi ya yeni milioni 2 na laki 6. Saa 28 kwa wiki 52 kwa kima cha Tokyo cha sasa hazifiki hata milioni 1 na laki 8, na wakati wake kima kilikuwa kidogo kuliko hiki. Hakuna aliyemchongea, karatasi yake mwenyewe ilisema. Akanyimwa, akapewa siku 30 za kujiandaa kuondoka. Nilimsindikiza hadi kituo cha treni ya Narita. Alikuwa amebakiza miezi 7 kumaliza.

Nawasilisha. Maswali yaleteni, nitajibu kadiri ninavyojua.

Mzee wa Kigamboni:

Mwanangu, Mungu akubariki kwa uzi huu. Nina kijana wangu amemaliza kidato cha sita. Kuna mtu hapa mjini anataka milioni 9, anasema shule ipo, viza ipo, na kazi ya saa 40 kwa wiki imeshaandaliwa. Anasema mtoto ataanza kurudisha pesa mwezi wa pili. Hili la saa 40 nimeliona kwako kuwa ni la likizo tu. Nimwulize nini huyu bwana?

Mleta uzi:

Shikamoo mzee wangu.

Mwombe jina la shule kwa maandishi, na umwambie utawaandikia shule wewe mwenyewe. Shule ya lugha ndiyo inayomwombea mwanafunzi hati ya ustahiki, ile ya kuombea viza, kwa uhamiaji wa Japani. Dalali hana mamlaka hayo, popote alipo. Akianza kukasirika ukitaja kuwaandikia shule, mzee wangu, funga mkoba.

La pili, muulize kuhusu karatasi za benki. Uhamiaji wanataka kuona mdhamini mwenye uwezo wa kumlipia mtoto ada na matumizi. Maana yake serikali yenyewe inataka mwanafunzi aje akiwa tayari anaweza kulipiwa. Anayekwambia mtoto atajilipia kwa kazi anakwambia kinyume cha karatasi atakayokutaka usaini. Wengine wanatengeneza taarifa za benki za uongo, na jina linalochafuka ni la mtoto.

La tatu, muulize kijana atajifunza Kijapani wapi kabla ya kuondoka. Shule nyingi hutaka cheti cha ngazi ya N5, yaani ngazi ya chini kabisa ya mtihani wa Kijapani, au uthibitisho wa saa 150 za masomo. Dalali asiyetaja hilo hajapeleka mtu.

Na kama kijana ana alama nzuri, apite ubalozi wa Japani Dar aulizie ufadhili wa MEXT, wizara ya elimu ya Japani. Ushindani ni mkali, lakini ada inalipwa, posho ipo, na fomu haiuzwi.

Kijana wa Mwanza:

Mkuu naheshimu mchango wako ila unatisha watu. Nina ndugu yupo huko, anapiga saa 50 mwaka wa pili huu na maisha yanaenda. Nusu analipwa mkononi, haionekani popote. Sisi watoto wa maskini tukifuata kila sheria hatutatoka.

Mleta uzi:

Ndugu yangu, nakuelewa. Mimi pia ni mtoto wa maskini, baba yangu alikuwa anashona viatu Kariakoo. Ila nakujibu bila kukuficha.

Mwajiri akiajiri mgeni analazimika kisheria kumripoti kwa ofisi ya kazi, Hello Work, na anaporipoti ananukuu kadi ya ukaazi. Kila mkazi ana namba moja ya tarakimu 12 inayounganisha kodi na bima. Hiyo nusu inayoonekana inaonekana vizuri sana. Na hiyo ya mkononi, siku mwajiri akikaguliwa, majina yaliyoko kwenye daftari lake ndiyo yanaanza kutafutwa. Sheria ya uhamiaji kwa aliyezidisha inasema kifungo hadi mwaka 1 au faini hadi yeni milioni 2, au vyote viwili.

Pia fikiria hili. Anayelipwa mkononi akikatwa kidole na mashine ya nyama, atamwambia nani? Mfanyakazi halali, hata mwanafunzi wa saa 28, ana bima ya ajali kazini. Kuna kijana alifanya wiki 3 kwenye jiko moja la nje ya mji, siku ya malipo meneja akamwambia "hujulikani hapa". Hakuwa na mkataba, jedwali wala hati ya mshahara. Hakuthubutu kwenda popote kulalamika.

Jambo la mwisho kwako. Ndugu yako akimaliza shule atataka viza ya kazi. Siku hiyo wanarudi nyuma kutazama alivyoishi akiwa mwanafunzi. Wapo waliopata barua ya ajira ya kampuni nzuri wakanyimwa kwa sababu ya saa za miaka 2 iliyopita. Mwambie apunguze sasa, bado hajachelewa.

Mtoto wa Bukavu:

Jambo kwenu wote. Mimi ni Mkongomani, niko Dublin nilikuja kujifunza Kiingereza. Huku Ayalandi sheria ni nyingine, naiandika kwa faida ya wengine. Kozi lazima iwe ya wiki 25 na shule iwe kwenye orodha ya serikali. Wanakupa hadhi ya Stamp 2 ya miezi 8. Unafanya kazi saa 20 kwa wiki, na saa 40 kwa wiki kuanzia Juni hadi mwisho wa Septemba, halafu tena tarehe 15 Desemba hadi 15 Januari. Tarehe hizo ni za nchi nzima, si za shule. Rafiki zangu wengi walichanganya, walifikiri shule ikifunga wiki moja ya Aprili wanaweza kufanya saa 40. Hapana.

Lakini shida ya pesa ni ileile. Nyumba ya huku inakula mshahara wote.

Mwanafunzi Leipzig:

Nashukuru kwa uzi, mleta mada. Mimi ni Mkenya, niko Ujerumani. Walio na viza ya kozi ya lugha peke yake, tangu Machi 2024 wanaruhusiwa saa 20 kwa wiki. Kabla ya hapo wengi wetu tuliokuja kwa lugha tulikaa tukitazama tu. Ila mjue, bado lazima uonyeshe pesa za kujikimu kabla ya kuja, na wengi hufanya hivyo kwa akaunti iliyofungwa, yaani akaunti ya benki unayoijaza kwanza kisha unatoa kidogo kidogo kila mwezi.

Mleta uzi:

Asanteni sana, hiki ndicho nilichokuwa nakitaka. Niongeze mbili. Uingereza kuna viza ya muda mfupi ya kusoma Kiingereza, ya miezi 6 hadi 11, na hiyo hairuhusu kazi kabisa, hata ya saa moja, hata ya kujitolea mahali pa kazi. Korea Kusini mwanafunzi wa lugha wa viza ya D-4 husubiri miezi 6 tangu aingie ndipo aombe kibali cha kazi. Kwa hiyo mtu akikwambia "ng'ambo wanafunzi wanafanya kazi", muulize ng'ambo gani, na viza gani.

Binti Tanga:

Kaka, mimi ndiye niliyekuandikia. Nimemsomea mama uzi wote jana usiku, nimefika kwenye ile hesabu ya 155,000 akaniambia nirudie. Shamba hatuweki rehani. Ila sijakata tamaa, mjomba amesema kama nitapata N5 kwanza atalipa ada ya mwaka wa kwanza. Nina maswali mawili. Je, ile kazi ya kupeleka vyakula kwa baiskeli kupitia programu ya simu mwanafunzi anaruhusiwa? Na nikimaliza shule ya lugha Machi, chuo kikianza Aprili, hapo katikati naendelea na kazi?

Mleta uzi:

Dada yangu, umenifurahisha sana. Msalimie mama, na mwambie mjomba ameweka sharti la busara.

Kwenye baiskeli, kuwa mwangalifu. Kazi ile haina mwajiri anayeandika saa zako, unahesabika kama mfanyabiashara binafsi, na kibali cha kawaida cha saa 28 hakifuniki kazi ambayo saa zake haziwezi kuthibitishwa. Inahitaji kibali cha peke yake kinachoombwa kwa kazi hiyo tu. Usiingie kwa sababu umeona wenzako wana mabegi mgongoni. Anza na konbini au jikoni. Konbini itakulipa kima cha chini, lakini kuna maneno ambayo utayasema mara mia kwa zamu moja, na baada ya miezi 3 mdomo wako utakuwa umeshazoea. Mimi jikoni nilijifunza majina ya vyombo tu, kwa mwaka mzima.

Swali la pili ni zuri na wengi hawaliulizi. Kibali cha mwanafunzi kinafanya kazi wakati umesajiliwa shuleni. Siku unayohitimu, hata kama kadi yako bado ina miezi 4, ruhusa ya kazi imekwisha. Ukihitimu Machi 15 na chuo kikakusajili Aprili 1, siku zote za katikati huna kibali. Mwambie meneja mapema, mwezi mmoja kabla, asikuweke kwenye jedwali. Na weka akiba ya wiki hizo 2 tangu Januari, kwa sababu kodi ya nyumba ya Aprili inadaiwa mwishoni mwa Machi hapohapo.

Ukianza kujiandaa, niandikie nikutumie picha ya ile fomu ya uwanja wa ndege nikuonyeshe pa kuandika. Naingia kazini sasa, huku kwetu ni saa 2 asubuhi. Waliobaki nitawajibu jioni.